Mashine Inayosoma Namba: Kutafuta Kosa Kabla Chuma Hakijaharibika

Mwezi huu vijana wa darasa la jioni wametuomba sisi walimu wa kujitolea tuandike juu ya mashine za CNC, yaani mashine za kukereza na kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta. Kuna mzee mmoja alisikia habari hiyo akacheka. Akasema: "Walimu, hapa Mantapala tunalima mihogo, nyinyi mnafundisha watoto mashine ambayo hawajaiona hata kwa macho?" Swali lake ni la haki, na hatutalikimbia.

Tuanze na kitu tunachokijua wote. Shafti ya mashine ya kusagia ikikatika, mama anarudi nyumbani na beseni lake la mihogo vilevile alivyokwenda nalo. Mafundi wa kuchomelea wapo, ukifuata barabara kutoka Nchelenge mpaka Mwansabombwe utawaona, na milango na madirisha wanatengeneza vizuri. Lakini shafti siyo dirisha. Inatakiwa ikerezwe kwa kipimo kidogo kuliko milimita moja, la sivyo beringi inakufa baada ya wiki mbili. Kwa hiyo kazi ya namna hiyo inasafiri mbali, mara nyingi mpaka Copperbelt, Kitwe au Ndola, kwenye karakana zinazohudumia migodi. Wazee wetu waliofanya kazi Likasi au Lubumbashi wakati wa Gécamines wanazijua mashine hizi: fundi anasimama, anazungusha gurudumu kwa mkono, kisu kinasogea kidogo kidogo. CNC ni mashine ileile. Tofauti ni kwamba gurudumu halizungushwi na mkono, linazungushwa na mota, na mota inafuata namba zilizoandikwa kwenye mistari. Mistari hiyo ndiyo programu.

Sasa, kama kazi yote ni kufuata mistari, kosa liko wapi? Liko kwenye mistari. Na mistari inasomwa popote, hata chini ya mti.

Ndivyo tulivyofanya. Tulichora miraba ardhini kwa fimbo, kila mraba ni milimita moja ya kuigiza. Kijana mmoja akawa mashine, mwingine akasoma programu kwa sauti. Tuliwapa mistari hii ya kutengeneza umbo la mstatili, urefu 30 na upana 20:

G21 G90
G0 X0 Y0
G1 X30 F100
Y20
X0
Y0

Msizikimbie herufi hizo. G21 inasema vipimo ni vya milimita. G90 inasema kila namba inahesabiwa kutoka mahali pamoja tu, pale sifuri. G0 ni kwenda haraka bila kukata, G1 ni kwenda huku unakata, na F ni mwendo wa kukata. X ni kulia na kushoto, Y ni mbele na nyuma. Kijana wetu alitembea 30 kulia, 20 mbele, akarudi kushoto mpaka X iwe sifuri, akarudi nyuma mpaka Y iwe sifuri. Mstatili umekamilika, watu wakapiga makofi.

Halafu tukabadilisha namba moja tu. Badala ya G90 tukaandika G91, ambayo inasema: hesabu kutoka hapo uliposimama, siyo kutoka sifuri. Kijana akatembea 30 kulia, akatembea 20 mbele, akasikia "X0", akasimama. Akasikia "Y0", akasimama tu. "Mwalimu, nimefika wapi?" Kwa G91, sifuri maana yake usisogee. Mstatili ulibaki na pande mbili. Ingekuwa ni chuma cha kweli, kipande hicho ni cha kutupa, na bei yake inatoka mfukoni mwa mtu.

Walicheka sana siku ile, lakini kumbe hivyo ndivyo kazi yenyewe ilivyoanza. Huko Michigan, Marekani, kulikuwa na mtu anaitwa John T. Parsons, kampuni yake ilikuwa inatengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga lile lina mkunjo mgumu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 yeye na mhandisi wake Frank Stulen walitumia mashine ya kadi zenye matundu kupiga hesabu ya nukta nyingi za ule mkunjo. Kisha mtu mmoja akawa anasoma namba kwa sauti, na mafundi wawili wanazungusha magurudumu, mmoja wa X na mwingine wa Y. Ni mchezo wetu wa chini ya mti kabisa! Baadaye kazi ilikwenda kwenye chuo cha MIT, na mwaka 1952 wakaonyesha mashine ya kuchonga inayofuata namba kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Mwaka 1985 Parsons na Stulen walipewa nishani ya taifa ya teknolojia. Na huyo Parsons hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Tunalitaja jambo hili makusudi kwa ajili ya wale waliokwisha kujikatia tamaa.

Turudi kwenye makosa, maana hapo ndipo fundi wa kweli anaonekana.

Kosa la vipimo ni la zamani na halizeeki. Programu ikiandikwa kwa milimita lakini mashine imewekwa kwenye inchi (hiyo ni G20), ile 30 yetu inakuwa inchi 30, yaani milimita 762. Mashine ndogo itagonga mwisho wa reli yake au itakataa kwa kengele. Hata wakubwa wanaanguka hapo: mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kwa sababu kundi moja lilitumia vipimo vya Kiingereza na kundi lingine vipimo vya metriki. Kwa hiyo kipande kikitoka kikubwa au kidogo kupita akili, gawanya kipimo kwa kipimo. Ukipata 25.4, usitafute tena, mwizi umemshika.

Nukta nayo ni ndogo lakini ina hasira. Kwenye baadhi ya mashine, hasa zile za mtindo wa zamani, "X30" bila nukta siyo milimita 30, ni sehemu 30 za elfu moja za milimita. Unaandika, unabonyeza, kisu hakionekani kusogea. Kijana anadhani mashine imekufa, anaita bosi. Mashine ni nzima. Ilikuwa inasubiri "X30." na nukta yake.

Linalotutisha zaidi ni urefu wa kisu. Mashine haioni. Inaambiwa kwamba kisu namba 3 kina urefu fulani, inaamini. Ukibadilisha kisu na kuweka kirefu zaidi bila kuandika urefu mpya, au programu ikaita namba ya kisu kingine, kitashuka kwa kasi mpaka ndani ya meza. Hapo chuma kinaweza kuruka. Ndiyo maana mafundi wenye busara wanaendesha programu mpya hewani kwanza: wanainua sifuri ya Z juu, labda milimita 100 kutoka kwenye kazi, wanapunguza mwendo, wanaipitisha mstari mmoja mmoja, mlango umefungwa na mkono uko karibu na kitufe chekundu cha dharura. Inachukua dakika kumi. Vidole havioti tena.

Halafu kuna zile programu za kompyuta zinazoitwa CAM. Siku hizi fundi mara nyingi haandiki mistari yote mwenyewe. Anachora kipande kwenye kompyuta, anaonyesha kisu kipite wapi, na kompyuta inaandika mistari. Vijana wengi wanafikiri hapo makosa yamekwisha. Hapana. Kati ya kompyuta na mashine kuna mkalimani, mafundi wanamwita posti. Sisi wakimbizi tunajua habari za wakalimani kuliko watu wengi. Ukienda kliniki, wewe unasema Kiswahili cha Moba, nesi anasema Kibemba, katikati yuko mkalimani. Nesi akisema dawa ni mara tatu kwa siku, na mkalimani akisema ni kwa siku tatu, nesi hana kosa, na wewe uliyesikiliza vizuri huna kosa, lakini ugonjwa unabaki. Basi ukiona picha kwenye kompyuta ni safi na mashine inafanya mambo mengine, muulize mkalimani: je, posti hii ni ya mashine hii, au ni ya mashine nyingine? Fungua ile mistari iliyoandikwa na kompyuta, soma kumi ya mwanzo. Tafuta G20 au G21, tafuta G90 au G91, tafuta namba ya kisu. Anayejua kusoma mistari kwa mkono ndiye anayemkamata mkalimani. Asiyejua anabonyeza tena na tena.

Afrika yetu nayo imo kwenye habari hii. Kenya, mwaka 1986, Rais Moi aliwaomba watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la nchi. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani, lakini kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikufika, fedha hazikutosha. Watu wengi wanakumbuka aibu tu. Sisi tunaona kitu kingine: kutoka kwenye mradi ule ilitokea karakana ya Numerical Machining Complex, iliyoundwa mwaka 1994. Gari lilikwama, kazi ya kuchonga vipuri kwa namba ikaendelea.

Sasa kwa yule mzee wetu na wazazi wenzake. Hatusemi kila mtoto atapata mashine. Vyuo vina ada. Northern Technical College iko Ndola, siyo hapa mlangoni. Mwenye diploma ya Congo atahitaji cheti chake kitambuliwe na ZAQA. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, ulizeni kama chuo kimesajiliwa na TEVETA. Na msisahau karatasi ya ruhusa ya kutoka, iombeni mapema. Yote hayo ni mzigo, tunaujua. Lakini mtoto anayefika huko anajua tayari X na Y, desimali na namba hasi, hatapoteza muda wa kwanza akishangaa herufi. Hizo ni hesabu za shule ya hapa hapa. Mabinti pia waje. Siku ile ya mchezo, aliyegundua kwanza maana ya "X0" alikuwa binti, na alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Mwenye kompyuta au aliye karibu nayo atafute FreeCAD na LinuxCNC, ni za bure, na LinuxCNC inaweza kuigiza mashine kwenye skrini bila chuma chochote.

Tunawaachia fumbo la nyumbani. Chukueni fimbo, chora ardhini, baba au mama awe mashine. Tunataka mraba wa milimita 40 kila upande, tuanze sifuri na kurudi sifuri, lakini programu hii haifiki:

G21 G91
G1 X40 F100
Y40
X0
Y-40

Kuna njia mbili za kuiponya. Moja inagusa mstari mmoja tu, nyingine inagusa miwili. Leteni zote mbili darasani, tutachapisha majibu mwezi ujao.