Pikapu Inayokwenda Upande

Majuzi nilikuwa Maguu, wilayani Mbinga, nikiifuata kwa nyuma pikapu ya shemeji yangu. Ni Toyota Hilux ya siku nyingi, imebeba kahawa miaka na miaka. Niliyaona magurudumu yake yote manne kwa mpigo, maana gari lilikwenda upande kama kaa.

"Shemeji, fundi kasema chesisi imepinda," akaniambia. "Fedha ya msimu wote inakwenda kununua nyingine."

Nikamwomba tupime kwanza. Mahali tambarare kwenye milima ile ni shida. Tuliishia kwenye uwanja wa mpira. Tukashusha mzigo, tukasawazisha upepo wa matairi, tukanyoosha magurudumu ya mbele.

Bodi tuliiacha kando, maana bodi hudanganya. Mlango usiofunga, au mwanya wa kebini na karai la nyuma uliopanuka juu na kubana chini, huenda ni raba za kukalia bodi tu zimekwisha. Anayesema kweli ni chesisi. Tuliteremsha timazi kutoka matundu manne ya chesisi, mawili mbele na mawili nyuma, kila tundu na mwenzake wa upande wa pili. Tukatia alama chini, tukalisukuma gari pembeni. Kisha futikamba ikapita kimshazari, kona kwa kona. Vipimo viwili vikipishana milimita chache, si neno. Vikipishana sentimita kadhaa, chesisi imesukumwa upande mmoja. Vyetu vililingana.

Basi tukapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kulia sawa; kushoto palizidi sentimita mbili! Ekseli ilikuwa imerudi nyuma. Shemeji akaingia uvunguni na brashi ya waya: senta bolti ya springi imekatika, yuu-bolti zimelegea. Bolti yenyewe haizidi kidole.

Simlaumu sana fundi yule, macho hukosea. Lakini angefunga chesisi mpya na springi ileile, na ekseli ingeendelea kuteleza, siku moja kwenye mteremko, watoto wa shule wakiwa juu ya magunia.

Tulifunga bolti mpya, tukazikaza tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Gari sasa linanyooka. Mlango wa kushoto bado haufungi, na raba tumeagiza Songea.