Kitalu ni chetu, mavuno ni ya wengine

Kila nipitapo Kitale au Bungoma, swali ni lilelile: yawezekanaje eneo linalozaa wanasoka hodari kiasi hiki lisiwahi kutoa bingwa wa ligi kuu ya wanaume nchini? Wengine huwalaumu waamuzi, wengine Nairobi. Mimi naona jibu li katika hesabu.

Tuanze na shule. Wavulana wa St Anthony's Kitale wametwaa ubingwa wa taifa katika soka, nao wenzao wa Friends School Kamusinga katika mpira wa magongo. Kipaji, basi, kipo. Lakini fainali za shule humalizika kwa siku chache, na mchezaji hana familia ya kulisha. Ligi yenye timu 18 ni mechi 34, na kila safari yataka basi, malazi na chakula. Kipaji hushinda mechi. Mishahara inayolipwa kwa wakati ndiyo hushinda ligi.

Mishahara hiyo, kwetu, ilitegemea muwa. Nzoia Sugar ya Bungoma ilibebwa na kiwanda; kiwanda kilipoyumba, timu nayo ikayumba, hata ikateremka daraja mwaka 2024. Somo kubwa zaidi latoka Awendo. SoNy Sugar ilitwaa ubingwa mwaka 2006, ikathibitisha kwamba kombe laweza kwenda mashambani. Mwaka 2019 ikafukuzwa ligini kwa kutofika uwanjani mara tatu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Isidhaniwe kwamba pengo ni kubwa. Msimu wa 2021/22, Kakamega Homeboyz walilingana na Tusker kwa pointi, wakakosa kombe kwa tofauti ya mabao. Nao akina dada wa Vihiga Queens, wakisaidiwa na serikali ya kaunti yao, wamekuwa mabingwa wa taifa zaidi ya mara moja.

Kuna jambo jingine tusilopenda kuambiana. AFC Leopards, iliyozaliwa Nairobi mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ndiyo iliyoshika mioyo yetu. Ilipokuja Bungoma, mgeni alishangiliwa kuliko mwenyeji. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Hata hivyo, klabu isiyo na mashabiki wake haina viingilio, na isiyo na viingilio humwachilia kijana wake mara tu anapochomoza.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, klabu zetu ziwe mali ya wanachama wanaotoa ada, wawe wauza mahindi wa Kitale au waendesha bodaboda wa Kanduyi, ili kiwanda kikifunga milango timu isife. Pili, klabu kubwa inayomchukua kijana ilipe klabu iliyomlea, tena kwa mkataba ulioandikwa. Mwenye kitalu asiyedai bei ya miche yake asishangae kuona bustani za jirani zikichanua.