Shule za Misheni na Elimu Yetu (3): Jukwaa la Alliance

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulitazama shule za msingi za misheni, ambako mtoto aliingia kujifunza kusoma Biblia akatoka anatafutwa na serikali kwa kazi ya ukarani. Leo tunapanda darasa, tuingie sekondari. Nimechagua shule moja tu, Alliance High School ya Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Sababu yangu si umaarufu wake wala mawaziri waliotoka pale. Hao wameimbwa vya kutosha. Ni kwamba miaka ya 1950 wanafunzi wa shule hiyo walifanya jambo ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili tumelisahau: waliandika na kuigiza baadhi ya tamthilia za kwanza kabisa za Kiswahili nchini Kenya, tena bila mtihani wowote kuwadai wafanye hivyo.

Shule ilifunguliwa Machi 1926. Jina lake ni la muungano wa misheni za Kiprotestanti, yaani Kanisa la Scotland, CMS, AIM na Wamethodisti, ambazo mwaka 1918 zilikubaliana kushirikiana baada ya miaka ya kuvutana juu ya ubatizo na meza ya Bwana. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa G. A. Grieves. Mwaka 1940 akaingia Edward Carey Francis, na hapo ndipo shule ilipopata sura inayokumbukwa hadi leo.

Carey Francis alikuwa mwanahisabati wa Cambridge aliyeacha uhadhiri mwaka 1928 akaja kuongoza shule ya Maseno, karibu na Kisumu. Alikaa Alliance mpaka 1962. Alipostaafu hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kushika chaki kama mwalimu wa kawaida katika sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, mpaka alipofariki mwaka 1966. Mtu huyu ni mgumu kumweka fungu moja. Aliiamini Dola ya Uingereza kwa moyo wote, na papo hapo aliamini kwamba mvulana wa Kiafrika anaweza kufanya mtihani wa Cambridge akafaulu sawa na mvulana wa Kizungu wa shule ya Prince of Wales. Imani hiyo ya pili wakoloni wenzake wengi hawakuwa nayo.

Siku ya mwanafunzi ilikuwa na mpangilio ambao yeyote aliyesoma bweni la kanisa ataujua bila kuelezwa: sala, usafi, ukaguzi, masomo, michezo, sala tena, taa kuzimwa. Palikuwa na mabweni yenye majina ya watu kama Livingstone, Wilberforce na Aggrey, na kila bweni lilikuwa na viranja wake. Palikuwa na skauti na midahalo. Wakoloni waliita yote hayo kujenga tabia. Mimi nayaona kama darasa la pili, na mara nyingi ndilo lililodumu zaidi kichwani kuliko lile la ubaoni.

Mwaka 1955 aliingia pale kijana wa Limuru aliyekuja kujulikana duniani kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kumbukumbu zake za miaka minne ya Alliance zimo katika kitabu cha 2012, In the House of the Interpreter. Alipofunga shule muhula wa kwanza na kurudi nyumbani, hakukuta kijiji. Serikali ya Hali ya Hatari ilikuwa imevunja nyumba na kuwasukuma watu katika kijiji kipya chini ya ulinzi wa askari. Ndugu yake alikuwa msituni na Mau Mau. Ndani ya ua wa shule palikuwa na kwaya na kriketi. Nje ya ua, kipande na msako. Ukisoma habari za shughuli za wanafunzi wa wakati ule bila kukumbuka ua huo, utadhani unasoma habari za kambi ya likizo.

Kila mwaka shule ilicheza Shakespeare. Wakati wa Ngũgĩ zilichezwa As You Like It, Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Shule ilikuwa ya wavulana, kwa hiyo hata binti za mfalme Lear walikuwa wavulana. Mchezo huo ndio uliokuwa wa heshima na wa wageni, na kwa mwanafunzi, kupata nafasi ndani yake ilikuwa sifa kubwa.

Pembeni ya fahari hiyo wanafunzi walikuwa na mambo yao. Mwaka 1954 Henry Kuria alitoa Nakupenda Lakini. Mwaka uliofuata Kimani Nyoike akaja na Maisha ni Nini, kisha Gerishon Ngugi na Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi mwaka 1956, na B. M. Kurutu na Atakiwa na Polisi mwaka 1957. Zote kwa Kiswahili. Ngũgĩ anazitaja katika Decolonising the Mind (1986), na anasema zilikwenda kuchezwa hadi katika ukumbi wa Menengai mjini Nakuru. Hoja yake ni kwamba shuleni kwenyewe hazikupewa uzito wa Shakespeare, na hapo hana mpinzani.

Ila mimi ningeongeza jambo. Tazama hadhira. Nani angekaa katika ukumbi wa Nakuru jioni, baada ya kazi ya reli au ya shamba la mzungu, asikilize King Lear kwa Kiingereza cha karne ya 17? Mkikuyu, Mluo, Mluhya na Mkamba waliokaa benchi moja pale walikuwa na lugha moja tu ya kuchekea pamoja. Wavulana wa Alliance waliliona hilo kabla ya wizara yoyote. Na bwenini kwao hali ilikuwa hiyo hiyo: shule ilikusanya vijana wa kila pembe ya koloni, na nje ya Kiingereza cha darasani hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili.

Wala hawakuanzia hewani. Graham Hyslop, ofisa wa muziki na maigizo wa serikali ya kikoloni, naye alikuwa akiandika michezo ya Kiswahili. Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu zilichapishwa mwaka 1957. (Huyo huyo ndiye baadaye alikaa katika jopo lililotunga wimbo wa taifa wa Kenya, pamoja na akina Mchungaji Thomas Kalume.) Lakini ofisa hulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mwanafunzi aliyeandika mchezo kwa muda wake mwenyewe, akijua kwamba cheti cha Cambridge hakitauhesabu, alikuwa na msukumo mwingine.

Wahakiki wetu huzipita tamthilia hizo mbio mbio wakielekea Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969. Ni kweli kwamba si kazi za kulinganishwa. Majina yenyewe yanaonyesha yaliyowashughulisha: mapenzi, pesa, uchawi, polisi. Kwa kijana wa miaka 18 aliyeishi chini ya Hali ya Hatari, sioni ajabu kwamba aliandika juu ya mtu anayetakiwa na polisi. Ajabu ni kwamba aliweza kumchekesha mtu kwa jambo hilo. Ujuzi wa jukwaa, yaani kungoja zamu, kupaza sauti ifike benchi la nyuma, kushika maneno ya saa nzima, aliupata kwenye mazoezi ya Shakespeare na katika kwaya ya kanisa. Shule ilimfundisha kwa nia yake. Yeye akautumia kwa nia nyingine. Hilo ndilo ninaloliita matunda ya elimu ya Alliance, na sidhani Carey Francis alilipanga.

Leo Alliance ni shule ya umma, kwani tangu Sheria ya Elimu ya 1968 makanisa Kenya yamebaki kuwa wafadhili wa shule walizoanzisha. Maigizo nayo yana tamasha la kitaifa. Ukipita sekondari yoyote ya kanisa muhula wa kwanza, utakuta meza za bwalo la chakula zimesukumwa ukutani, harufu ya githeri bado imo, na wanafunzi thelathini wanarudia shairi la kwaya mstari mmoja mara kumi mpaka mikono yote ipande pamoja. Nusu yao ndio hao hao wanaoongoza ibada ya Jumapili. Tofauti na siku za Kuria ni kwamba sasa mchezo wa Kiswahili una alama, una kombe na una basi la kuwapeleka mashindanoni. Mwanafunzi wa siku hizi hucheza kwa ushindi, na mwalimu wake hukariri vigezo vya waamuzi zaidi kuliko anavyokariri maneno ya mchezo. Wapo wanaoona hayo ni maendeleo. Mimi nina wasiwasi kidogo, kwani mchezo unaoandikwa kwa ajili ya waamuzi watatu huwasahau kwa urahisi watu wa Nakuru.

Wavulana waliocheza nafasi za wanawake walikuwa na majirani ambao hatujawagusa. Mwaka 1948 ilifunguliwa karibu nao sekondari ya wasichana wa Kiafrika, ambayo sasa ni Alliance Girls'. Makala ijayo itakuwa yao.