Chumvi, Mvua na Skuna ya Mwaka 1894

Wajenzi wa merikebu wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, walikuwa na desturi ambayo mtu wa bara angeishangaa. Kabla chombo hakijaonja bahari, walikishindilia chumvi. Waliimwaga katikati ya mataruma, nyuma ya mbao za ubavuni, mpaka nafasi zikajaa. Mabaharia wao walijua kuwa mvua huila mbao haraka kuliko bahari, na chumvi ndiyo iliyokuwa kinga. Maji matamu yakipenya kwenye ufa wa sitaha na kutuama, kuvu huota na mti huoza kimyakimya. Rangi ya nje hubaki inang'aa, lakini ukichoma kisu kinazama kama kwenye papai lililoiva.

Pamoja na hayo, skuna iliyoshushwa majini mjini Essex, Massachusetts, mwezi Februari 1894 bado inaelea.

Ilipewa jina Effie M. Morrissey, jina la binti wa nahodha wake wa kwanza. Skuna ni merikebu ambayo matanga yake hukaa kufuata urefu wa chombo, na hii ina milingoti miwili. Ilijengwa kwa mbio, maana samaki hawangoji. Kazi yake ilikuwa kufuata chewa wa Atlantiki huko Grand Banks, mbali na pwani ya Newfoundland. Wavuvi walishushwa humo baharini kwa vidau vidogo, wawili wawili, na mishipi mirefu yenye ndoano tele. Ukungu ulipotanda ghafla, walioko kwenye vidau walitega sikio wasikie baragumu la merikebu. Wapo ambao hawakulisikia.

Katikati ya miaka ya 1920 skuna iliangukia mikononi mwa Robert Bartlett, nahodha wa Newfoundland aliyekwishapata sifa kwa kumpeleka Robert Peary kaskazini katika safari yake ya kutafuta ncha ya dunia. Kwa miaka 20 Bartlett aliipitisha kwenye barafu ya Greenland na Kanada, ikiwa imebeba wanasayansi, wanyama wa makumbusho na vijana ambao wazazi wao walilipa ili watoto wakaone dunia. Mwaka 1940 ilivuka digrii 80 za kaskazini. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto ikatumika kupima maji na kupeleka shehena Aktiki. Bartlett alifariki mwaka 1946, na haikupita muda mrefu moto ukazuka ndani ya skuna ikiwa New York. Ikazama.

Vitabu vingi humaliza sifa zake hapo, kwenye barafu na jina la Bartlett. Kwa maoni ya mwandishi huyu, sehemu nzito ya kisa ilikuwa bado.

Henrique Mendes, nahodha mwenye asili ya visiwa vya Cabo Verde, aliichukua mwaka 1948, akaitengeneza na kuiita Ernestina, jina la binti yake. Cabo Verde, mkabala wa Senegali, ni nchi ya ukame ambayo watu wake walikuwa wamehamia New England kwa vizazi, wengi wakitangulia kama mabaharia wa meli za kuwinda nyangumi. Ernestina ikawa daraja lao. Ilikwenda na shehena za ndugu kwa ndugu: nguo, vyakula, vyombo vya nyumbani. Ilirudi na abiria waliokuwa wakienda kuanza maisha. Ndege zilikuwa zimekwisha kutawala anga, lakini mpaka mwaka 1965 merikebu hii ya matanga ilikuwa bado ikivuka Atlantiki kutia nanga Providence, Rhode Island.

Mwaka 1976, Cabo Verde ikiwa huru kwa mwaka mmoja tu, Ernestina iling'oa nanga kwenda kwenye sherehe za miaka 200 ya Marekani. Dhoruba ikaivunja milingoti, ikabidi irudi. Taifa hilo changa na maskini likaijenga upya, kisha mwaka 1982 likaikabidhi kwa watu wa Marekani kama zawadi. Kwa kawaida misaada husafiri upande wa pili.

Massachusetts iliipokea kwa shangwe, na mwaka 1990 ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Heshima ya aina hiyo haizibi ufa. Kule Seattle kulikuwa na skuna nyingine, Wawona ya mwaka 1897, iliyoingizwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria mwaka 1970. Ilifungwa gatini miaka na miaka huku fedha zikitafutwa na mvua za Seattle zikiinyea. Mwaka 2009 ikabomolewa.

Ernestina nayo ilifika mahali ambapo haikuruhusiwa tena kubeba watu. Mwaka 2015 ikapandishwa chelezoni Boothbay Harbor, Maine, na huko ikakaa miaka saba. Mafundi walitoa mataruma yaliyooza na kuchonga mapya ya mwaloni, wakapiga mbao mpya ubavuni, kisha wakazipiga kalafati, ile kazi anayoijua kila fundi wa majahazi wa Lamu: pamba inasukumwa kwenye viungo kwa patasi na nyundo mpaka maji yakose njia.

Hapo ndipo mabishano ya gatini huanza. Kama karibu kila ubao ni mpya, ya mwaka 1894 ni ipi? Fundi wa mbao hapotezi usingizi kwa swali hilo. Merikebu kama hii ilianza kubadilishiwa mbao tangu ilipokuwa ikivua chewa. Umbo la omo na tezi ni lilelile, na kila ubao mpya ulikatwa kufuata ule uliotoka.

Sasa ni chombo cha mafunzo cha chuo cha mabaharia cha Massachusetts, na jina lake limeunganishwa: Ernestina-Morrissey, mabinti wawili wa manahodha wawili.