Je, Wajua? Kombe la Dunia Limewahi Kuchezwa Chini ya Paa

Mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa ndani ya uwanja ulioezekwa wote ilikuwa ya Marekani na Uswisi, tarehe 18 Juni 1994, katika uwanja wa Silverdome mjini Pontiac, Michigan. Matokeo yalikuwa 1-1, na mabao yote mawili yalitokana na mipira ya adhabu, la Georges Bregy na la Eric Wynalda.

Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 1975, ulikuwa na paa la kitambaa cha nyuzi za kioo lililoinuliwa na hewa iliyosukumwa ndani na mafeni makubwa. Mwaka 1985 theluji nzito ililiangusha. Nyasi zake zilikuwa za bandia, nayo FIFA ilitaka za asili. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan wakaziotesha nje, katika masinia makubwa ya pembe sita, kisha wakayaunganisha ndani. Kazi ya kupigiwa mfano!

Silverdome, uliogharimu takriban dola milioni 55, uliuzwa mwaka 2009 kwa dola 583,000 tu. Desemba 2017 baruti za kwanza zilishindwa kuubomoa. Ukaanguka kesho yake.