Jiwe dogo gumu, mwamba mkubwa dhaifu: juu ya nini?

Kwenye machimbo ya Kamituga, Misisi ao Mongbwalu, mchimbaji anaweza kupiga kipande cha jiwe kwa nyundo, kikakatala kupasuka, naye akasema: "Fasi hii ni salama." Lakini kipande cha mkononi hakionyeshi nguvu ya ukuta mzima wa shimo.

Labo inapima namna gani?

Jiwe hukatwa liwe la mviringo kama kopo, kwa kawaida upana wa milimita 50 hivi, na urefu unaofika mara 2 ya upana ao zaidi. Linawekwa kati ya sahani mbili za chuma, kisha mashini inalibana mpaka lipasuke. Likiwa fupi na pana, sahani zinalishikilia juu na chini, na linaonekana kuwa na nguvu isiyo yake.

Ukubwa unabadilisha nini?

Mwaka 1980, Evert Hoek na Edwin Brown walilinganisha vipimo vya aina nyingi za mawe. Kufuatana na hesabu yao, kama kipande cha milimita 50 kina nguvu 100, kile cha milimita 200 cha jiwe lile lile kinabaki na 78 hivi.

Sababu ni nyufa. Kipande kidogo kina nyufa chache tena ndogo. Kikubwa kinabeba nyingi, na ule ufa mbaya zaidi njo unaanzisha mpasuko. Tena mwamba wenye nyufa unabonyea zaidi kuliko kipande kizima cha labo.

Funzo la Coalbrook

Tarehe 21 Januari 1960, nguzo za makaa katika mgodi wa Coalbrook, Afrika ya Kusini, zilivunjika. Wachimbaji zaidi ya 430 walikufa. Nyuma ya pale, mtafiti Bieniawski alibana vipande vikubwa vya makaa chini ya ardhi. Nguvu ilishuka kadiri kipande kilivyokua, mpaka kwenye mita 1.5 hivi, kupita pale haikushuka tena sana.

Shimoni je?

Njo maana nguzo inayoachwa shimoni haiamuliwi kwa ugumu wa kipande kimoja, na kuikonda ili kupata madini yake ni kucheza na maisha. Ufa mpya, vijiwe vinavyoanguka, ao mlio ndani ya mwamba: watu watoke mbio, madini yatangoja.