Vumbi la Makaa Lisitupwe

Mkienda pale makaa yanapouzwa mtaona chini ya magunia kumejaa vumbi na chenga. Muuzaji hufagia na kumwaga mtaroni. Lakini hayo ni makaa yaleyale tunayonunua kwa bei, yamevunjika tu, na yanaweza kupika githeri mpaka iive.

Kwanza chekecheni vumbi mtoe mawe na takataka, na vipande vikubwa mvitwange. Halafu inatakiwa kitu cha kugandisha. Vikundi vingine hutumia udongo wa mfinyanzi, madebe manne ya vumbi kwa debe moja la udongo. Udongo haununuliwi, ila huacha majivu mengi. Wengine hupika uji mzito wa unga wa muhogo, nusu kilo ya unga kwa kilo 10 za vumbi. Madonge haya huwaka vizuri zaidi, lakini yakipata unyevu huota ukungu. Na mwaka wa njaa, mimi singechukua unga wa watoto niutie kwa jiko.

Changanyeni mpaka ukifinya kwa mkono donge lisimame bila kutoa maji. Fanyeni madonge makubwa kama yai, kisha myaanike juani siku tatu hata wiki nzima, mkiyageuza. Hapa ndipo wengi hukosa subira! Donge lililokauka nje na ndani bado bichi litatoa moshi na kupasuka. Vunjeni moja muone.

Msitie vumbi la mbao wala maganda mabichi. Moshi hutoka kwa kitu ambacho hakijachomwa kikawa makaa. Hata makaa ya mawe ya hali ya chini ni hivyo: lazima kwanza yachomwe kwa hewa kidogo ili moshi utoke, na bado salfa iliyobaki ndani hutoa mvuke wa kuchoma kifua. Kwa hivyo wale wanaouliza juu ya makaa ya mawe ya bonde la Mui, Kitui, wasiyalete jikoni hivihivi.

Kuwasha, wekeni makaa machache ya kawaida chini na madonge juu, jiko likiwa nje. Moto hushika polepole. Si moto wa chai ya haraka, ni wa maharagwe.

Sasa jambo la hatari. Donge zuri halina moshi, basi watu hudhani halina sumu. Sivyo. Makaa yoyote yakiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Msipeleke jiko chumba cha kulala wakati wa baridi, hata moto ukionekana umefifia. Pikeni mlango na dirisha vikiwa wazi. Mtu akiumwa na kichwa, akisikia kizunguzungu au kutapika karibu na jiko, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali, hata akisema amepata nafuu.